Vidole vilifunga, akafunga kula, vikafunguka. Kwa nini akila vinafunga tena?

#1 Mwadi_Katuba

Yambo wote. Naomba mawazo, maana maombi tunayo ya kutosha nyumbani.

Yaya yangu (dada yangu mkubwa) ana miaka 46. Huu ni mwaka wa nne vidole vyake vinavimba, mkono wa kuume na wa kushoto sawasawa, vile vifundo vya katikati na vya shinani, pamoja na vifundo vya mikono. Akiamka hawezi kufunga kikwembe (kitenge) kiunoni, binti yake ndiye anamfungia. Mpaka saa nne ya asubuhi ndipo mikono inalainika. Hospitali walisema ni ile rumatisimu ya viungo, wenyewe wanaiita poliatriti.

Mwaka jana mwezi wa kumi kanisa lao lilifunga siku 21. Chakula mara moja tu, saa kumi na mbili jioni: mboga, matunda, supu. Nyama hakuna, mukate hakuna, na siku kumi za kwanza hata bukari hakuna. Siku ya sita akanipigia simu analia, nikadhani kuna matanga. Kumbe amesonga bukari ya watoto mwenyewe, sufuria ile kubwa, kwa mwiko! Pete ya ndoa iliyokwama tangu miaka miwili ikatoka. Mwisho wa zile siku 21 alikuwa anakamua blanketi.

Wakafungua kwa karamu: kuku, soda, mikate, wali. Siku ya tisa au ya kumi baada ya hapo, vidole vimefunga kama zamani. Sasa anataka kufunga siku 40 na aache dawa, anasema "dawa haijawahi kunifungua hivi". Mimi naogopa. Ni kufunga ndiko kulikomponya, au kuna kitu kingine?

#2 Mwana wa Kenya

Kwa hiyo anafunga ili afunguke aweze kufunga. Hiki Kiswahili kitatuua kabla ya rumatisimu.

Pole kwa yaya. (Kenya ya hapa Lubumbashi, msianze kuniuliza habari za Nairobi.)

#3 Mchunga Kondoo

Dada Mwadi, jibu unalo mkononi. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji siku kumi, wakaonekana wazuri kuliko waliokula chakula cha mfalme. Baadaye akafunga majuma matatu, hakugusa nyama wala divai. Majuma matatu ni siku ngapi? 21. Yaya alipokea uponyaji, akauacha kwenye sahani ya kuku. Arudi magotini.

#4 Vié Kamalondo

Mchunga, Danieli hakuwa na rumatisimu. Alikuwa kijana mzima, tena wa nyumba ya mfalme. Usimfanye mgonjwa kwa nguvu.

Mimi nilifunga kavu siku tatu, bila hata tone la maji, kama watu wa Esta. Usiku wa tatu kidole gumba cha mguu kikavimba, kikawa chekundu, hata shuka likikigusa napiga kelele. Kabla ya hapo nilikuwa natembea vizuri. Kwangu kufunga ndiko kulikoleta rumatisimu. Mwambieni yaya asijaribu.

#5 MungangaMudogo

Vié, kwa heshima zote, ulicho nacho wewe sicho alicho nacho yaya wa Mwadi. Hapa mjini kila kinachouma penye kifundo tunakiita rumatisimu, na mabishano yetu yote huanzia hapo. Chako kinafanana na jongo, huku wengi wanasema guti. Asidi ya yuriki inazidi kwenye damu, inaganda kama vioo vidogo ndani ya kifundo. Mtu akifunga, mwili unachoma mafuta na kutoa ketoni, na ketoni hizo zinagombania na asidi ya yuriki mlango uleule wa kutokea kwenye figo. Asidi inabaki ndani. Ukiongeza kukosa maji, kidole gumba kinalipuka. Kwa hiyo uliyoyaona ni kweli, ila ni ugonjwa mwingine.

Cha yaya ni kinga ya mwili kushambulia ngozi laini ya ndani ya viungo. Mikono yote miwili kwa pamoja, vifundo vidogo, kukakamaa asubuhi zaidi ya saa moja, na mwanamke (wanawake wanaoipata ni mara mbili au tatu ya wanaume). Picha inakaa.

Na kuhusu kufunga, jambo hili limepimwa. Oslo, Norwe, matokeo yakatoka 1991: wagonjwa 53 wa poliatriti. 27 walipelekwa nyumba ya mapumziko wiki nne, wakafunga siku 7 mpaka 10, wakinywa chai ya majani, supu ya mboga, vitunguu saumu, maji ya viazi na juisi ya karoti. Halafu miezi mitatu na nusu mboga tupu bila ngano, bila maziwa, kisha wakarudishiwa maziwa na ngano polepole. Wale 26 wengine waliendelea kula kama siku zote. Baada ya mwezi mmoja waliofunga walikuwa na maumivu machache, viungo vilivyovimba vichache, hata nguvu ya kushika iliongezeka. Baada ya mwaka bado walikuwa mbele ya wenzao.

Mimi ni mwanafunzi tu, msiniite dokta.

#6 Mwana wa Kenya

Dokta, asante.

#7 Kijana wa Ilala

Habari za huko Kongo. Bukari ni nini? Na nadhani dada amekosea kulaumu kuku, tatizo ni gluteni. Nimesoma gluteni ndiyo inayowasha viungo.

#8 Chikanda Moto

Bukari ni ugali wenu, ila wa kwetu unashika mkono. Karibu Lubumbashi uonje.

Sasa ndugu wa Ilala, bukari ni mahindi, mara nyingine na mihogo. Gluteni iko kwenye ngano. Sisi wengine huku tumeishi bila gluteni tangu kuzaliwa na magoti yanalia vilevile. Labda ile mikate ya asubuhi na mukate wa chai.

Mimi nauza chikanda na nashangaa tu: watu wa Oslo waliandikwa kwenye vitabu kwa kunywa maji ya viazi? Mama yangu alitupa maji ya viazi maisha yake yote.

#9 Baba Hadija

Salaam. Nina ugonjwa huohuo tangu 2015, nimepimwa, si wa kudhania. Kila Ramadhani, kuanzia kama siku ya nane hivi, naona mikono inakuwa myepesi. Mwisho wa mwezi nashika tasbihi bila kuidondosha. Sikukuu inapita, na kabla mwezi wa pili haujaisha narudi palepale. Haya yamenitokea si mara moja.

Lakini mimi sijawahi kuacha dawa. Dokta alinipangia nimeze wakati wa kufuturu na wakati wa daku. Mwaka ambao nilikuwa nimelala na uvimbe mkubwa sikufunga kabisa, nikalipa baadaye, maana mgonjwa ameruhusiwa kwenye dini. Mchunga Kondoo, kwenu hakuna ruhusa kama hiyo?

#10 Mchunga Kondoo

Ipo, ndugu Baba Hadija. Sikusema aache dawa. Nilisema arudi magotini.

#11 Vié Kamalondo

Magoti ya mtu wa rumatisimu. Mchunga una roho ngumu.

#12 Infimie Ruashi

Nimesoma yote nikiwa zamu ya usiku. Kabla hatujafika mbali na Danieli na Oslo: Mwadi, yaya anameza dawa gani hasa, na wakati wa zile siku 21 alizimezaje? Nina sababu tatu za kuuliza.

Ya kwanza, kama kuna metotrekisati, ile dawa ya kutuliza kinga, ni mara moja kwa WIKI. Nimeona mtu aliyeimeza kila siku kama Parasetamo, mdomo wote ukawa vidonda. Na mtu aliye kwenye metotrekisati hapaswi kufunga kavu: maji yakipungua, figo hazisukumi dawa nje, inabaki mwilini kama sumu.

Ya pili, kama kuna prednisoni ya muda mrefu, ile dawa inayoiga kortizoli, homoni ya mwili wenyewe, haikatwi siku moja. Mwili umesahau kutengeneza ya kwake. Ukikata ghafla, presha inaanguka na mtu anaweza kufa, na wanafamilia watasema ni mfungo.

Ya tatu nitaisema ukishajibu: kuna kitu kingine chochote alichokuwa anakunywa kanisani? Mizizi, unga, chai ya mama fulani?

Na zile dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kwenye tumbo tupu, hata sitaki kuanza.

#13 Mwadi_Katuba

Mama Infimie, asante sana. Nimemuuliza leo.

Metotrekisati vidonge vinne kila Jumatatu, asidi foliki Jumatano, prednisoni ya 5 kila asubuhi. Wakati wa mfungo prednisoni aliihamishia jioni. Metotrekisati aliiruka Jumatatu mbili kwa sababu ilimletea kichefuchefu bila chakula. Maji alikunywa, hawakufunga kavu.

Na ndiyo, kulikuwa na unga. Mama mmoja anauza sokoni, wa mizizi, rangi ya udongo. Kijiko kimoja jioni ndani ya supu, "wa kusafisha damu". Sikujua mpaka leo.

#14 Infimie Ruashi

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Angalia picha za siku ya karamu. Mashavu yake yalikuwaje?

#15 Mwadi_Katuba

Kwenye picha amejaa usoni. Sisi tulifurahi, tukasema anapendeza.

#16 Infimie Ruashi

Mtu anafunga siku 21 halafu mashavu yanajaa! Mwadi, wanawake wa mji huu wanazijua zile dexa za kunenepesha zinazouzwa barabarani. Dexametasoni, jamii ya prednisoni ila kali zaidi, ikisagwa ikachanganywa na mizizi, mnunuzi hawezi kujua. Rumatisimu yoyote italala siku chache, na ukiacha itaamka na hasira. Sisemi unga wa yule mama una dexa, sijaupima. Nasema kabla hatujalipa kufunga sifa zote, tujue ndani ya supu kulikuwa na nini.

#17 MungangaMudogo

Kwa kweli nilikuwa nimeandika maelezo marefu ya bakteria wa tumboni, nimeyafuta.

Ila prednisoni anayomeza nayo inajaza uso, hata bila unga. Miligramu 5 ni kidogo, lakini miaka minne si michache. Tusimhukumu mama wa sokoni kwa picha ya simu.

Halafu zile Jumatatu mbili zilizorukwa mmeziona? Metotrekisati inachelewa kufanya kazi na inachelewa kuondoka, ni mambo ya wiki. Mtu akiiruka wiki mbili, hasikii kitu siku hizo. Anasikia baadaye. Baadaye ni lini? Karibu na ile siku ya tisa baada ya kuku. Inawezekana kuku hana kosa hata kidogo.

#18 Chikanda Moto

Kuku ashukuru, amepata wakili.

#19 FundiKipushi

Wadogo zangu, nawasoma mkizunguka. Nilifanya kazi chini ya ardhi Kipushi miaka 22. Wenzangu wengi wana mikono kama ya yaya wa Mwadi, na hatukufunga wala hatukuwa na karamu. Ni vumbi la mawe. Lile vumbi jeupe la kutoboa mwamba linaingia kifuani halitoki, baadaye linashuka kwenye viungo. Mume wa yaya anafanya kazi gani?

#20 MungangaMudogo

Mzee Fundi, hapo uko na haki zaidi ya watu wanavyodhani, ila halishuki kutoka kifuani kwenda viungoni. Vumbi la silika linaamsha kinga ndani ya mapafu, na kinga hiyo iliyochokozwa ndiyo baadaye inaugeukia mwili. Dokta mmoja, Anthony Caplan, aliandika 1953 juu ya wachimba makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na poliatriti na vinundu kwenye mapafu, ugonjwa ukachukua jina lake. Silika inaongeza hatari ya poliatriti, hilo limeonekana nchi nyingi. Sigara vilevile, tena sana.

Lakini yaya hakuwahi kushika nyundo ya mgodi.

#21 Mwadi_Katuba

Shemeji alikuwa mgodini mpaka 2019. Yaya ndiye alikuwa anafua nguo zake za kazi. Kwa mikono.

#22 FundiKipushi

Nimenyamaza.

#23 MungangaMudogo

Mzee usinyamaze kwa ushindi hivyo. Ushahidi ninaoujua ni wa watu waliovuta vumbi kazini wenyewe. Wa nguo za kufua sina.

#24 Kijana wa Ilala

Narudi kwenye kufunga. Kuna daktari Mjerumani, Otto Buchinger, alikuwa daktari wa jeshi la maji, akalemazwa na ugonjwa huuhuu mpaka wakamtoa jeshini 1918. Mwaka uliofuata akafunga siku 19, akapona, akafungua kliniki ya kufunga ambayo familia yake inaendesha mpaka leo. Siku 19 tu na akapona moja kwa moja. Kwa hiyo yaya alikuwa njiani.

#25 Infimie Ruashi

Kijana, soma tena mwanzo wa habari yake. Buchinger aliugua viungo baada ya tonsili kuoza. Hiyo inafanana zaidi na rumatisimu ya koo, ile inayoruka kutoka kifundo hadi kifundo na kuuma moyo, kuliko poliatriti. Rumatisimu ya koo inaweza kwenda yenyewe. Huwezi kumvalisha yaya kiatu chake.

#26 Vié Kamalondo

Ile ya koo ndiyo wanapima ASLO? Mimi nilipimwa ASLO ikatoka juu, nikadungwa sindano kubwa kila mwezi kwa mwaka mzima. Kidole gumba hakikusikia kitu.

#27 MungangaMudogo

Vié, ASLO inasema tu kwamba siku za karibuni ulikutana na bakteria fulani wa koo. Nusu ya kwaya ya Kamalondo ikipimwa leo huenda itatoka juu. Wewe pima asidi ya yuriki, na mpumzishe bia.

Na kwa wengine: hata kile kipimo cha damu cha "fakta" ya rumatisimu kinaweza kutoka chanya kwa sababu ya maambukizo mengine ya muda mrefu, na huku kwetu maambukizo hayakosi. Kipimo kingine cha damu, anti-CCP, kinasema kweli zaidi, ila si kila maabara inacho, na bei yake inauma kuliko kidole.

#28 Vié Kamalondo

Bia nitaipumzisha. Kapenta nayo?

#29 MungangaMudogo

Kapenta ni jamii ya dagaa. Kwa jongo, maini na samaki wa jamii hiyo uvipunguze. Kwa poliatriti mafuta ya samaki yanasaidia kidogo maumivu na ule ukakamavu wa asubuhi, ingawa waliopimwa walipewa kipimo kikubwa, kama gramu 3 za omega-3 kwa siku, kapenta za sahani moja hazifiki huko.

#30 Vié Kamalondo

Yaani samaki mmoja, kwa yaya wa Mwadi dawa, kwangu sumu. Na wote wawili tunaitwa "mtu wa rumatisimu".

#31 Mama wa SS

Naingilia. Mtoto wangu ni SS (selimundu). Miaka mitatu watu walisema ana rumatisimu kwa sababu mikono na miguu inauma na kuvimba. Tukampeleka kwenye maombi ya kufunga, kavu, siku mbili. Siku ya pili alikuwa anatetemeka kwa maumivu, tukambeba usiku. Damu ya SS ikikosa maji inakuwa nzito, zile chembe zinajikunja zinaziba mishipa. Sitaki kumlaumu mtu, hatukujua. Ila yeyote anayesoma hapa ana kijana wa "rumatisimu" tangu utotoni, apime SS kabla ya kufunga chochote.

#32 Infimie Ruashi

Asante mama. Hii peke yake ingetosha uzi mzima.

#33 Meno Safi

Jambo. Hakuna aliyeuliza ufizi. Wagonjwa wa poliatriti wengi wana ufizi unaooza, na kuna bakteria wa ufizi anayebadilisha protini za mwili mpaka kinga inazikosea kuwa adui. Mtu akifunga sukari na mikate wiki tatu, mdomo nao unapumzika. Yaya anatoka damu akipiga mswaki?

#34 Mwana wa Kenya

Tumeanza vidoleni, tukapita tumboni, mapafuni, kooni, sasa tuko mdomoni. Kesho mtu wa macho ataamka.

#35 Mwadi_Katuba

Anatoka damu, ndiyo. Hata mimi natoka.

#36 Baba Hadija

Munganga, yale maelezo uliyoyafuta yaweke. Mimi sinywi unga wa mtu, sikuruka dawa, sikuchimba mawe, meno yangu mazima, na kila Ramadhani mikono inafunguka. Nieleze hiyo.

#37 MungangaMudogo

Sawa Baba. Yako mengi na hayajakubaliana.

Kuna wanaosema ni kortizoni ya mwili wenyewe. Mmarekani Philip Hench aliona 1929 kwamba mgonjwa wa poliatriti akipata umanjano, viungo vinapoa. Baadaye akaona vilevile kwa wenye mimba. Akasema mwilini kuna kitu kinachozima moto huu. 1948 wakamdunga mgonjwa wa kwanza kortizoni, 1950 wakapewa Nobel, yeye na Kendall na Reichstein. Sasa, mtu akifunga, kortizoli ya mwili inapanda. Kwa hiyo pengine mfungo ni prednisoni ndogo uliyojitengenezea, na ukila inashuka.

Wengine wanasema ni ketoni zenyewe, zinatuliza moto wa ndani wa chembe za kinga. Wengine tumbo: bakteria wanaoishi humo wanabadilika chakula kikibadilika, na kwa wagonjwa wapya wa poliatriti wameonekana bakteria fulani wamezidi. Wale wa Oslo walipima pia kinga dhidi ya bakteria mmoja wa njia ya mkojo, wakaona imeshuka kwa waliopata nafuu.

Na kuna jambo la mtu asiyependa miujiza: aliyefunga anajua amefunga. Huwezi kumdanganya kwamba amekula. Kwa hiyo matumaini yanaingia kwenye kipimo.

Lililo wazi kidogo ni hili: Waswidi 1979 waliona nafuu wakati wa kufunga, lakini waliporudi kula, hata mboga na maziwa, nafuu ikaondoka. Mwaka 2001 wengine walikusanya ripoti 31, wakapata nne tu zenye kulinganisha vizuri na kufuatilia miezi mitatu au zaidi. Kwa pamoja zikaonyesha nafuu ya kudumu kama kufunga kunafuatwa na chakula cha mboga. Na Berlin juzijuzi walilinganisha kufunga wiki moja kisha mboga, na upande mwingine chakula kizuri cha kawaida bila kufunga. Pande zote mbili zikapata nafuu, hakuna aliyemshinda mwenzake waziwazi.

#38 Chikanda Moto

Chakula kizuri cha kawaida ndicho nini kwa mtu wa mtaa wa Katuba? Msituambie mafuta ya zeituni, kile kichupa ni bei ya mfuko wa unga.

#39 MungangaMudogo

Ha! Madaktari wa viungo wa Marekani, mwongozo wao wa 2022, wanapendekeza (tena kwa tahadhari) chakula cha watu wa bahari ya Mediterania, vyakula vingine vya majina majina wanasema hapana. Kwa kupika kwa kwetu naona maharagwe, lengalenga (mchicha), matembele, sombe (kisamvu) iliyoiva vizuri, samaki, karanga, machungwa. Nyama na sukari kidogo.

#40 Chikanda Moto

Sombe bila mawese ni majani ya mbuzi.

#41 FundiKipushi

Mawese yametulea sisi wote.

#42 Mwana wa Kenya

Mzee Fundi na mikono yako ile, usiyatolee mawese ushahidi.

#43 Mama wa SS

Mimi naona hamjaliona la jikoni. Mwadi, wakati wa mfungo nani alikuwa anachota maji? Nani alikuwa anafua? Mwanamke akiwa kwenye maombi wiki tatu, bido za lita 20 zinabebwa na wengine. Hata mimi ukinipumzisha wiki tatu nitakamua blanketi.

#44 Mwadi_Katuba

Watoto ndio walibeba. Ni kweli.

Lakini kuna jambo sikuwaambia. Mwezi wa kwanza mwaka huu alifunga tena, siku saba tu, maombi ya kufungua mwaka. Bila unga wowote, na metotrekisati hakuiruka, nilimwekea mimi. Maji alichota mwenyewe. Vidole vilifunguka nusu. Pete ilitoka, lakini kwa sabuni.

#45 Baba Hadija

Alhamdulillahi. Hiyo nusu ndiyo ninayoisema mimi.

#46 Infimie Ruashi

Nusu nyingine ilikuwa kwenye kijiko cha mama wa sokoni.

#47 FundiKipushi

Mwezi wa kwanza mvua inalaza vumbi.

#48 MungangaMudogo

Siku 40 bado nasema hapana. Ugonjwa huu wenyewe unakula misuli, mfungo mrefu utakula iliyobaki. Na karamu baada ya njaa ndefu inaweza kuvuruga chumvi za damu mpaka moyo ukasimama. Afanye kidogo, na dokta wake ajue.

#49 Mwadi_Katuba

Narudi baada ya wiki tatu. Tulienda kwa dokta wake. Hakucheka wala hakukasirika. Alisema dawa zote zibaki, unga utupwe, maji anywe mchana kutwa, na akitaka ajaribu siku saba mlo mmoja jioni, kisha aendelee na maharagwe na mboga badala ya karamu. Ikimletea kizunguzungu aache. Tonsili na ufizi ameandika vyote viangaliwe (Meno Safi, pokea).

Siku 40 ameziacha, kwa kinyongo. Binti yake anaandika kwenye kalenda ya ukutani saa ambayo mama amejifungia kikwembe mwenyewe. Kabla ya kuanza: saa nne, saa nne, saa tatu na nusu. Siku ya kwanza saa nne. Ya pili saa nne na nusu, alilia. Ya tatu saa tatu. Ya tano saa moja na robo.

#50 Mchunga Kondoo

Amina.

#51 Vié Kamalondo

Saa moja na robo hata mimi niliye na vidole vizima sijafunga mkanda. Asidi yangu ya yuriki imetoka juu, Munganga. Sina la kusema.

#52 Mama wa SS

Na bido nani anabeba safari hii?

#53 Mwadi_Katuba

Binti. Amekataa mama asiguse.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu afungue, anakula maharagwe na lengalenga, mawese kijiko kimoja (samahani Chikanda). Kikwembe saa mbili kasoro. Ila umeme umerudi mtaani tangu juzi, anaosha mikono kwa maji ya moto kila asubuhi kabla ya kujaribu. Nimemwambia binti aandike na hilo kwenye kalenda.